Madhara ya Mionzi Yajayo Baadaye

Tezi dume hukaa chini ya kibofu, mbele ya utumbo wa mwisho. Kwa hiyo mionzi iuayo saratani ya tezi hiyo hugusa na majirani zake. Mishipa midogo ya damu huharibika polepole, na madhara huweza kuonekana baada ya miezi, hata miaka: mkojo wa mara kwa mara, haja ya ghafula, damu katika mkojo au choo, na upungufu wa nguvu za kiume.

Damu hiyo si lazima iwe saratani iliyorudi, wala haifai kudharauliwa. Mgonjwa na amwendee daktari upesi, amwambie, “Nilitibiwa kwa mionzi,” ijapokuwa zamani. Maana utumbo uliopigwa mionzi, ukikatwa kipande cha kupimwa, hupona kwa shida.

Asumbuliwaye na mkojo apunguze kahawa na chai kali, aache tumbako, aizoeze misuli izuiayo mkojo. Nguvu za kiume nazo zina dawa. Lakini aipokee kwa daktari, kwa kuwa nyingine hazipatani na dawa za moyo.

Nasi tuwatembeleao wagonjwa, tuwaulize mambo haya faraghani, pasipo kuwaaibisha. Wengi huumia kwa kunyamaza tu, na msaada upo.