Dondoo muhimu: Kulinda shamba usiku Lwakhakha

Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, kwa hiyo msalaba wa kulengea unaong'aa ndani ya darubini ya bunduki haumhusu mkulima wa hapa. Hata kule uwindaji unakoruhusiwa, nuru hiyo ikizidi humfifisha mnyama aliye gizani, na wazoefu huipunguza kabisa. Anayekesha kulinda mahindi yasiguguniwe na nungunungu anahitaji kujua jambo lilo hilo kuhusu macho: nuru ikizidi, huoni kilicho gizani.

• Jicho huchukua dakika 20 hadi 30 kuzoea giza. Mwanga mweupe wa simu hulirudisha nyuma papo hapo, nawe utaanza upya. Iache simu mfukoni. Hili nalihimiza kuliko mengine yote.

• Funika tochi kwa plastiki nyekundu. Mwanga mwekundu hafifu hauyasumbui sana macho yaliyokwisha kuzoea. Mweupe mkali uwe wa kufukuzia tu.

• Shika tochi usawa wa shavu, karibu na jicho lako, kwa sababu macho ya mnyama huirudisha nuru kule ilikotoka. Tahadhari: mbuzi na ng'ombe wa jirani nao hung'aa macho vivyo hivyo. Usirushe hata jiwe kabla hujauona mwili mzima.

• Kitu kisichoonekana vyema usikikodolee. Tazama kidogo pembeni yake, kitajitokeza.

• Akija mtu, elekeza tochi chini umsalimu kwanza.

• Mnyama mkubwa waachie KWS, yaani Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya.