Nani anampima nani akili?

Oktoba 2007 mwanasayansi wa Marekani, James Watson, aliliambia gazeti la Sunday Times la Uingereza kwamba hana matumaini na Afrika. Sababu yake? Sera zote kuhusu bara hili zimejengwa juu ya dhana kwamba akili ya Mwafrika ni sawa na ya Mzungu, ilhali vipimo, kwa madai yake, havioneshi hivyo. Na huyu hakuwa mpiga porojo wa kijiweni. Ni mmoja wa waliogundua umbo la DNA, akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1962. Aliomba radhi na kuacha uongozi wa maabara yake. Aliporudia msimamo ule ule kwenye televisheni, mwaka 2019 maabara ikamvua na vyeo vya heshima. Alifariki Novemba 2025.

Wengi tulimjibu kwa neno moja: mbaguzi. Hasira ni haki yetu, lakini hasira si hoja. Mtu akidai amekupima, muulize kwanza amepima nini, na kwa kipimo cha nani.

Madai haya si mageni Afrika Mashariki. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni ya Kenya ilimkabidhi Dk. J. C. Carothers hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, hali hakuwa amesomea maradhi ya akili. Waafrika aliowachunguza kikazi walikuwa hasa wagonjwa wake na wafungwa. Hata hivyo mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika, yaani Mwafrika wote, mzima na mgonjwa. Humo alidai kuwa Mwafrika haitumii sawasawa sehemu ya mbele ya ubongo, akamfananisha na Mzungu aliyepasuliwa kichwa na sehemu hiyo ikakatwa.

Ingeishia kwenye makabati ya vitabu, tungecheka. Lakini mwaka 1954 serikali ilimwita aeleze chanzo cha Mau Mau. Akaona ugonjwa wa nafsi: watu waliopoteza mila zao na hawajaushika ustaarabu mpya. Madai ya ardhi yakafunikwa na lugha ya kitabibu. Akaunga mkono Wakikuyu kukusanywa kwenye vijiji vya lazima, na zaidi ya watu milioni moja wakahamishwa.

Sasa tuje nyumbani. Hapo Bagamoyo, kilometa kama 70 kutoka Dar es Salaam, watafiti wakiongozwa na Robert Sternberg wa Marekani, wakiwamo Watanzania, waliwapima watoto 358 wa miaka 11 hadi 13. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2002. Watoto walipewa mafumbo ya kupanga vitu na ya kutafuta jibu kwa kuuliza maswali. Kisha wakafundishwa mbinu, kwa muda usiofika saa moja, wakapimwa tena. Alama zilipanda. Lenye uzito zaidi ni kwamba mpangilio ulivurugika: wa nyuma hakubaki lazima nyuma, wala wa mbele mbele. Katika kundi ambalo halikufundishwa, mpangilio ulibaki karibu ule ule.

Basi kile kipimo cha kwanza kilipima nini? Kwa sehemu kubwa kilipima nani amewahi kuona mchezo wa namna ile. Sisemi vipimo vyote ni upuuzi. Ni kipimo hicho hicho, kilipotumiwa kwa insafu, kilichofichua jambo hili. Watson alitaja vipimo kana kwamba ni mizani ya sukari.

Na sisi je? Mtoto wa Bagamoyo alipimwa, akafundishwa, akapimwa tena. Wa kwetu anafanya mtihani wa darasa la saba mara moja, Septemba. Majibu yakitoka vibaya, baba anatangaza barazani kuwa huyu hana kichwa, aende Kariakoo dukani kwa mjomba wake.

Mwaka 1985 watafiti wa Brazil walichapisha habari za watoto watano wachuuzi wa mji wa Recife. Sokoni, wakiwauzia watafiti wenyewe nazi na matunda, walipatia hesabu kwa asilimia 98. Hesabu za namna ile ile zilipoandikwa karatasini mtindo wa shule, wakapatia asilimia 37. Mtoto yule yule, kichwa kile kile.

Asiyeamini na apite Mtaa wa Kongo asubuhi. Mteja wa Mtwara anataka doti 35 za kanga kwa bei ya jumla, anadai punguzo, na mzigo ufikishwe stendi. Kijana aliyefeli hisabati anatazama juu kidogo, anataja bei, na hana kalamu wala kikokotoo. Mjomba wala hahakiki. Amekwishamwachia droo ya pesa.