SOMO LA UFUNDI: Mashine ya Frezi, Kazi Yake na Hatari Yake



Hapa Cyangugu neno "milingi" linaweza kutupoteza. Bonde la Bugarama lina vinu vya kukoboa mpunga, na lina kiwanda cha saruji chenye vinu vikubwa vya kusaga. Lakini mashine tunayoisoma leo haisagi kitu. Kazi yake ni kukata chuma. Mafundi waliofunzwa kwa Kifaransa huiita frezi. Waliofunzwa kwa Kiingereza huiita milingi. Mashine ni ile ile moja. Sisi tutasema frezi.

Ndugu anayechuma chai katika mashamba ya Shagasha anaweza kuuliza: mambo ya karakana yananihusu nini mimi? Yanamhusu. Majani mabichi hayangoji. Gia moja ya kiwanda ikivunjika meno, majani yaliyochumwa tangu asubuhi hupata joto na kuharibika, na jasho la mchumaji limepotea bure. Gia mpya hukatwa kwa frezi. Kwa hiyo mchumaji wa shambani na fundi wa karakana wanavuta kamba moja.

1. Frezi ni nini?

Wengi wetu tunaijua mashine ya kukereza. Katika mashine hiyo chuma kinachofanyiwa kazi ndicho kinachozunguka, na kisu kinakisogelea polepole. Ndiyo maana hutoa vitu vya mviringo, kama shafti na vichaka vya shaba.

Frezi ni kinyume chake. Kisu ndicho kinachozunguka, nacho kina meno mengi kama msumeno wa duara. Chuma kimefungwa imara juu ya meza, na meza ndiyo inayokipeleka kwenye kisu. Kila jino hukwangua kipande kidogo, kisha humwachia jino linalofuata. Kwa njia hii tunapata uso bapa, mfereji wa kabari kwenye shafti, meno ya gia, na pembe nyingi ambazo tupa ingechukua siku nzima kuzitoa.

Sehemu zake kubwa ni hizi. Nguzo ndiyo mwili wa mashine, na ndani yake mna mota na gia za kubadilisha mwendo. Mhimili hutoka katika nguzo na kubeba kisu. Goti hupanda na kushuka mbele ya nguzo. Meza hukaa juu ya goti, nayo huenda kushoto na kulia, mbele na nyuma. Kila mwendo una gurudumu lake la mkono lenye alama za kupimia. Mhimili ukilala, tunaita frezi ya kulala. Ukisimama, frezi ya kusimama.

2. Mwendo wa kisu

Kosa la wanaoanza ni kudhani kwamba mwendo mkali ndio ufundi. Kisu kikienda mbio mno huungua na kupoteza makali. Tuchukue mfano. Kwa chuma cha pua kilicho laini, na kisu cha chuma maalumu cha kukatia, mwendo wa kufaa ni karibu meta 25 kwa dakika, yaani milimeta 25,000. Kisu chetu kina upana wa milimeta 80. Mzingo wake ni 80 mara 3.14, yaani 251. Gawanya 25,000 kwa 251: tunapata karibu mizunguko 100 kwa dakika. Kisu cha milimeta 40 kingezunguka mara 200. Kisu kikubwa, mizunguko michache; kisu kidogo, mizunguko mingi.

Sasa mwendo wa meza. Kila jino likikata sehemu ya kumi ya milimeta, na kisu kina meno 10, basi 0.1 mara 10 mara 100 ni milimeta 100 kwa dakika.

Tena, katika mashine kuukuu, peleka chuma kukabili meno ya kisu. Skrubu ya meza iliyochakaa hucheza. Ukipeleka chuma kwa kufuata upande meno yanakoelekea, kisu hukivuta ghafla na kukipanda. Kisu huvunjika, na kipande kinaweza kuruka hadi usoni mwako.

3. Kugawanya meno ya gia

Gia ya meno 32 inagawanywaje sawasawa? Frezi ina kifaa cha kugawanyia. Katika vifaa vingi vya namna hii, mkono ukizungushwa mara 40, gia huzunguka mara 1. Basi gawanya 40 kwa idadi ya meno: 40 kwa 32 ni mzunguko 1 na robo. Kwa ile robo tunatumia bamba lenye matundu. Katika duara la matundu 16, tunasogea nafasi 4. Kata jino, zungusha, kata tena. Ukikosea hesabu mara moja, jino la mwisho halitakutana na la kwanza.

Kifaa hiki kikiunganishwa kwa gia na skrubu ya meza, chuma huzunguka taratibu huku kikisonga mbele, na kisu huchora mfuo wa kuzunguka kama kamba iliyosokotwa. Mmarekani Joseph Brown alitengeneza mashine ya namna hiyo mwaka 1862 kwa ajili ya kukata mifuo ya keekee.

Mifuo ya mlazo kama hiyo imo pia katika viwanda vya chai. Mashine ya CTC, inayoponda, kurarua na kuviringisha majani, ina magogo mawili ya chuma yenye meno madogo. Yanazunguka kwa kukabiliana, moja likienda karibu mara 10 ya mwenzake. Meno yakiwa butu, jani husagika ovyo badala ya kukatwa, na chai hupoteza sifa yake sokoni. Kwa hiyo magogo hutolewa kila baada ya muda, yakakerezwa, na mifuo yake ikakatwa upya kwa kisu cha kuzunguka. Ni kazi ya frezi.

4. Mikono yetu

Ndugu, kisu cha frezi hakijui chuma wala nyama. Tushike haya:

Funga chuma kwa jiliwa au bolti, ujaribu kukitikisa kabla ya kuwasha.
Usivae glovu, shali wala mikono mirefu iliyolegea mbele ya kisu kinachozunguka. Glovu inayokulinda ukibeba vyuma ndiyo itakayovuta mkono wako hapa.
Vaa miwani.
Takataka za chuma ziondoe kwa brashi, kamwe si kwa kidole.
Simamisha mashine kwanza, ndipo upime.
Kinga ya kisu ibaki mahali pake.

Hili la mwisho ndilo lenye ugomvi. Kazi ikichelewa, hutokea mtu akasema: "Ondoa hiyo kinga, tunakawia." Kumbukeni Mkataba Nambari 119 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 1963. Kifungu chake cha 11 chasema mfanyakazi asitumie mashine ambayo kinga zake haziko mahali pake, wala asilazimishwe kuitumia hivyo. Nasi wenyewe tusiziondoe ili tuonekane hodari. Gia iliyoharibika itakatwa nyingine, lakini kidole hakikatwi kingine.

Hata frezi za siku hizi zinazoongozwa na kompyuta zina sheria hiyo hiyo: mlango ukiwa wazi, kisu kisizunguke.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Ni nini kinachozunguka katika mashine ya kukereza, na ni nini katika frezi?
2. Gia ina meno 25. Mkono uzungushwe kiasi gani kwa kila jino? (Jibu: mzunguko 1 na nafasi 9 katika duara la matundu 15.)
3. Katika kazi yenu, ni mashine gani iliyokosa kinga? Nani atalipeleka jambo hilo kwa mwakilishi wa wafanyakazi, na lini?

Swali la tatu msilipite haraka.