SOMO LA AFYA: MAHARAGWE, UTUMBO NA KANSA



Daktari Denis Burkitt, mpasuaji aliyefanya kazi Mulago, Kampala, aliona kwamba kansa ya utumbo mpana, iliyoua wengi kwao Uingereza, ilikuwa adimu kwa wanavijiji wa Uganda. Mwaka 1971 aliandika kwamba siri ni chakula chenye makapi mengi. Yeye alidhani makapi husaidia kwa kuharakisha choo. Leo twajua zaidi.

Makapi ya maharagwe hayasagiki tumboni. Hufika utumbo mpana, bakteria wakayala, wakatoa kitu kiitwacho butireti. Sasa, karibu kila chembe ya mwili ina jeni, yaani maagizo ya kazi yaliyoandikwa juu ya uzi mrefu mno. Wenzetu wa viwanda vya nguo wataelewa upesi: uzi huo umezungushwa kwenye vigurudumu. Ukikazwa sana, agizo halisomeki, ukilegezwa, linasomeka. Butireti huzuia kimeng'enya kinachoukaza. Hapo jeni za kutuliza uvimbe, na zile zinazoizuia chembe isizaane ovyo, huweza kufanya kazi. Utumbo ukivimba na kuwaka kwa miaka mingi, chembe hujeruhiwa na kujijenga upya bila kupumzika, makosa huingia kwenye jeni, na kansa huweza kuota.

Mwaka 2015 wataalamu walitangaza jaribio: Wamarekani weusi 20 na wanavijiji 20 wa Afrika Kusini walibadilishana vyakula. Kwa wiki mbili tu, dalili za uvimbe utumboni zilipungua kwa Wamarekani na kuongezeka kwa Waafrika wale. Wiki mbili, ndugu! Basi tusione haya kula maharagwe yetu mchana, eti mkate mweupe na soda ndiyo chakula cha mtu wa Kigali.

Lakini maharagwe si dawa ya kansa iliyokwisha kuota. Wengi wetu tukiona damu chooni twasema ni bawasiri au amiba, twanunua vidonge, kwa kuwa kibarua akienda hospitali hupoteza ujira wa siku. Ruhusa hiyo ni dai la haki, na kamati ya tawi ilifikishe kwa mwajiri. Kansa hii ikigunduliwa mapema hupasuliwa na mara nyingi mgonjwa hupona. Hapa Rwanda, Butaro, wilayani Burera, pana kituo cha kansa tangu 2012. Anzia kituo cha afya cha karibu, na bima yako ya mituweli, na ukiulizwa unaumwa nini, usiseme "tumbo" tu. Sema "damu".