Khanga Hii Inamfunika Nani?

"Mama, nikikuambia kitu, unaahidi hutamwambia mtu?"

Binti yangu ana miaka tisa. Tulikuwa tunarudi kutoka madrasa, hapa Tanga, magharibi imeshakaribia, na swali hilo alilitoa macho yakiwa kwenye ndara zake. Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka kusema "naahidi". Nikaufunga. Kuahidi kunyamaza kabla hujajua utanyamazia nini ni kununua mbuzi kwenye gunia. Ikitokea kwamba ndani ya gunia kuna jambo la kumpeleka mtu polisi, utabaki na njia mbili tu, zote mbaya: kumvunjia mwanao ahadi au kumwacha aumie.

Nikamwambia, "Hilo siwezi kuahidi kabla sijasikia. Ninaloweza kuahidi ni kwamba sitakugombeza, na sitafanya lolote kabla sijakwambia wewe kwanza." Akatembea kimya mpaka tukalipita genge la nyanya. Kisha akasema.

Alichosema kitakuja. Nimeanza na jibu lile kwa sababu ningependa kila mzazi, mlezi na mwalimu alizoee mpaka limtoke bila kufikiri. Mtoto huijaribu kamba kabla ya kuteremsha ndoo kisimani, na swali kama lile ndiyo kamba yenyewe.

Watoto wetu tunawapa amri mbili zinazogombana, na zote tunazitoa kwa ukali uleule. Ya kwanza: usiwe mbea, usisemelee wenzio, ya nyumbani yaishie nyumbani. Ya pili: usinifiche kitu, niambie kila kitu. Shuleni mambo huwa mabaya zaidi. Mwalimu anamkabidhi monita karatasi aandike wapiga kelele, halafu mwalimu huyohuyo anamfukuza mtoto aliyekuja kushtaki kwamba amechukuliwa hela yake ya mapumziko: "Toka hapa, mchongezi wewe!" Mtoto wa darasa la pili atajuaje lini kusema ni kazi na lini ni umbea?

Lugha yetu ingemsaidia kama tungeitumia yote. Badala ya kutupa kila kitu kwenye kapu moja la "siri", mfundishe mtoto maneno yanayotofautiana. Kuna amana. Rafiki anapokwambia kwamba baba na mama yake wametengana, amekupa kitu chake ukitunze. Bado ni chake, na huwezi kukigawa, kama ambavyo huwezi kumwazima mtu mwingine baiskeli uliyoachiwa uilinde. Kuna stara. Hii hukupewa, umeiona tu: mwenzio amekojoa kitandani mlipolala kwa bibi, au sketi yake imechanika nyuma wakati wa paredi. Kumsitiri ni kumtupia khanga. Halafu kuna sapraizi, kama watoto wanavyoiita wenyewe, zawadi ya Idi iliyofichwa kabatini. Hiyo ina siku yake ya kufunuliwa, na siku hiyo kila mtu atacheka, hata aliyefichwa.

Sasa mchukue mtoto kwenye mfano mgumu. Dereva wa bodaboda anayempeleka rafiki yake shule amekuwa akimnunulia chipsi mayai na soda, na amemwambia, "Iwe siri yetu, mama asijue." Hakuna aliyeguswa, hakuna aliyelia. Rafiki anafurahia chipsi, na amemwomba mwenzake anyamaze. Ukimuuliza mtoto kama siri hii ni nzuri au mbaya, atababaika, maana chipsi ni tamu na rafiki ni mzuri. Muulize hivi badala yake: khanga hii inamfunika nani?

Inamfunika dereva. Mtoto wa miaka minane anaiona papo hapo. Khanga ya stara humfunika aliyeaibika. Amana humlinda aliyekuamini. Siri ya namna hii inamfunika mtu anayefanya jambo asilotaka lijulikane, na mtoto ndiye aliyepewa kazi ya kushika pembe za khanga. Katika mafundisho yote ya usalama wa watoto niliyowahi kuyatoa au kuyasikia, swali hili moja ndilo nimeona watoto wakirudi nalo nyumbani.

Hapo ndipo unapoweka sheria isiyo na mjadala: mtu mzima hampi mtoto siri ya kumficha mzazi. Wala siri ya mwili haipo, iwe ni ya kuguswa, kuangaliwa au kupigwa picha. Itaje kwa majina yanayomhusu: hata mjomba, hata ustadhi, hata mwalimu wa tuisheni, hata mimi. Na ukishaitangaza, ifuate. Wengi wetu tumeshawanong'oneza wanetu, "Usimwambie baba yako nimenunua kitenge kingine." Mtoto hajui kwamba kitenge ni mzaha na bodaboda si mzaha. Alichojifunza ni kwamba wakubwa huomba kufichiwa mambo na watoto huitikia.

Hofu hii haina chumvi. Utafiti wa kitaifa uliofanyika Tanzania mwaka 2009 na kutangazwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono angalau mara moja kabla ya kufikisha miaka 18. Na anayeambiwa kwanza anaweza kuwa rafiki wa dawati moja, kabla ya mama na kabla ya mwalimu. Ndiyo maana ni muhimu huyo rafiki wa dawati awe na la kusema.

Mpe maneno mafupi, ayajaribu kwa sauti kama anavyojaribu shairi la shule: "Niambie. Ila kama kuna mtu anaumia, nitamwambia mkubwa, na nitakuja na wewe." Yale maneno ya mwisho yana uzito. Watoto hawaogopi sana siri kutoka, wanaogopa kubaki peke yao ikishatoka. Na mwonyeshe tofauti ya kusemelea na kuomba msaada kwa swali jingine: unakwenda kwa mwalimu ili mwenzio aadhibiwe, au ili asaidiwe? Aliyechungulia daftari la jirani wakati wa jaribio, mwache, au mwambie mwenyewe ana kwa ana. Aliye na alama za waya mgongoni na anasema ameanguka, huyo anahitaji mkubwa leo, si kesho.

Mkubwa naye ana wajibu wake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa azifikishe kwenye mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo lake. Ofisi ya mtaa au ya kijiji, ofisa ustawi wa jamii na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi ni milango ya kugonga. Namba 116, simu ya msaada kwa watoto, hupigwa bure, Tanzania, Kenya na Uganda, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga. Iandike ukutani, karibu na kalenda. Kumaliza mambo kifamilia kwa mbuzi na pole ni kuishika ileile khanga, safari hii kwa mikono ya wazee.

Kuhusu ukweli, tusiwadai watoto wasichoweza bado. Mwenye miaka mitatu hawezi kutunza sapraizi. Atakwambia, "Hatujakununulia keki!" Ndiyo kwanza anajifunza kwamba kichwa cha mwenzake kina mambo tofauti na yaliyomo kichwani mwake. Mwaka 1983 watafiti wawili wa Austria, Wimmer na Perner, waliwasimulia watoto kisa cha mvulana aliyeweka chokoleti kabatini, mama yake akaihamisha yeye akiwa hayupo. Ataitafuta wapi akirudi? Wa miaka mitatu walisema ataitafuta iliko sasa. Kuanzia kama miaka minne ndipo wengine wakaanza kuona kwamba mvulana hajui wanachokijua wao. Uwezo wa kudanganya kwa ustadi hukua kwa wakati huohuo, kwa hiyo ukimfuma mwanao wa miaka minne akidanganya kuhusu maandazi, akili yake inakua vizuri. Mrekebishe, lakini usimwite mwongo mbele ya wageni.

Jean Piaget naye, katika kitabu chake cha mwaka 1932, aliwakuta watoto wadogo wakisema kwamba mtu aliyedai kuona mbwa mkubwa kama ng'ombe ni mwongo zaidi kuliko aliyemdanganya mama kwamba mwalimu kampa alama nzuri. Kwao uongo hupimwa kwa ukubwa wa ng'ombe: jambo likiwa haliwezekani kabisa, basi uongo ni mkubwa. Nia bado hawaijui. Ndiyo maana mtoto wa miaka mitano atakutangazia kwamba rafiki yake "ni mwongo sana" kwa sababu alisema mvua itanyesha na haikunyesha. Mweleze kukosea ni nini, na mwende zenu.

Fimbo ndiyo inayotaka kikao kirefu. Tumelelewa tukiamini kwamba kiboko hutoa ukweli kama kitunguu kinavyotoa machozi. Mwaka 2011 Victoria Talwar na Kang Lee walichapisha utafiti walioufanya Afrika Magharibi katika shule mbili, moja yenye adhabu za viboko na nyingine isiyo nazo. Watoto wa miaka mitatu na minne waliambiwa wasichungulie kichezeo kilichowekwa nyuma yao, kisha mkubwa akatoka chumbani. Wengi wao walichungulia, kama ambavyo ningechungulia mimi. Walipoulizwa, wale wa shule ya viboko walidanganya zaidi, na waliendelea kuulinda uongo wao kwa ustadi kuliko wenzao. Fimbo iliwafundisha kazi, ila si kazi tuliyoikusudia.

Badala yake, omba ahadi kabla ya kuuliza: "Nataka kukuuliza jambo. Unaahidi kuniambia kweli?" Utaona ni jambo dogo, lakini mwaka 2002 watafiti wa Kanada walionyesha kwamba watoto walioombwa kwanza kuahidi kusema kweli walipungua kudanganya. Mahakama zetu zinaitumia njia hiyo. Tangu Sheria ya Ushahidi ya Tanzania ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2016, mtoto asiyezidi miaka 14 anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, mradi kwanza aahidi mbele ya mahakama kwamba atasema kweli na hatasema uongo. Hakimu anayekubali ahadi ya mtoto wa miaka saba anaiheshimu kuliko baba anayesema, "Wewe na ahadi zako!"

Na sisi je? Anagonga hodi mtu wa marejesho ya mkopo wa kausha damu, tunajifungia chumbani. "Mwambie mama hayupo." Mtoto anatoka mlangoni, anasimama wima kama askari: "Mama amesema hayupo." Tunacheka kwa miaka. Siku akiwa na miaka kumi na miwili akisema kwa sura kavu "mama hayupo" bila kutetereka, hakuna anayecheka, na hakuna anayejiuliza alijifunzia wapi.

Ahadi za watoto wenyewe zina sherehe zake. Kidole kinalambwa, kinapitishwa shingoni, kinanyooshwa juu: haki ya Mungu tena! Usiwakataze mbwembwe hizo zote, ni namna yao ya kusaini. Wafundishe tu kwamba ahadi ni deni kwelikweli, pamoja na adabu zake. Mdaiwa muungwana akiona hataweza kulipa, humfuata anayemdai kabla ya siku kufika, hamkimbii. Vivyo hivyo aliyeahidi kunyamaza na sasa anaona hawezi, amwendee rafiki kwanza: "Nilikuahidi, lakini hili limenizidi. Twende wote kwa mwalimu." Kama kungoja kutamweka mtu hatarini, asingoje. Na ahadi iliyotolewa kabla ya gunia kufunguliwa haimfungi mtu kuhusu kilichokutwa ndani.

Mtoto akishavujisha amana ya mwenzake kwa umbea tu, na atavujisha, maji yakishamwagika hayazoleki, lakini sakafu hupigwa deki. Aseme alimwambia nani, asiseme "samahani kama umekasirika", kisha awafuate aliowaambia na kuwaomba wakomee hapo. Huenda rafiki akanuna wiki nzima. Hiyo ni haki yake, na mzazi asikimbilie kuwapatanisha kwa biskuti.

Nilisema nitarudi kwa binti yangu. Aliniambia kwamba rafiki yake haji na hela ya mapumziko tangu shule ifunguliwe, kwamba hujifanya ana kazi ya kumalizia ili abaki darasani, na kwamba wawili hao wamekuwa wakigawana vitumbua viwili kwa siri, nyuma ya choo cha wasichana, ili wengine wasione. Nilimuuliza kama kuna mtu anamuumiza rafiki huyo. Akasema hapana, baba yake tu meli yake haijarudi. Nikamuuliza khanga inamfunika nani. Akanitazama kama nimeuliza jina lake.

Siku hizi kibakuli chake kinaondoka asubuhi na vitumbua vinne. Mwalimu sijamwambia. Jioni kinarudi kitupu, naosha.