Kumtafutia Mlevi Dawa Imfaayo

Wenzangu wanafunzi, na ninyi ndugu zetu mliokwisha kumaliza masomo, wazee husema: mficha maradhi kilio humfichua. Katika mji wetu wa Bujumbura ulevi si wa pombe peke yake. Wako wanywao kanyanga, wako wavutao bangi, na wako vijana walionaswa na heroini, ambayo mitaani yaitwa “boost”. Mmoja wao akiwa ndugu yako, au wewe mwenyewe, itafutwe dawa gani?

Kwanza yafaa kujua mtu amezoea kitu gani, kwa kadiri gani, na tangu lini. Maana dawa ya mmoja si dawa ya mwingine.

Mlevi wa pombe. Jamaa wengi humfungia chumbani mpaka ulevi umtoke. Hilo ni jambo la hatari. Mtu aliyekunywa pombe kali kila siku kwa miaka, akiikosa ghafula, aweza kutetemeka, kuona visivyokuwapo, kushikwa na kifafa, hata kufa, na hatari hiyo ni kubwa katika siku za kwanza. Huyo apelekwe hospitali, apewe dawa ya kumtuliza pamoja na vitamini B1, chini ya macho ya daktari.

Mlevi wa heroini. Akiikosa hutokwa na jasho, huharisha, na mifupa humwuma. Ni mateso makubwa, lakini mara chache huua. Hatari yake huja baadaye. Mwili uliokaa majuma bila heroini haustahimili tena kipimo cha zamani. Akikirudia, pumzi yaweza kukatika. Basi kumfungia mwezi mmoja na kumwachilia bila matunzo si kumponya.

Dawa moja imfaayo ni methadoni, inywewayo kila siku mbele ya mwuguzi. Jirani zetu wa Tanzania waliianza katika Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 2011. Wako wasemao kwamba huko ni kubadili ulevi kwa ulevi. Sivyo. Apewaye kipimo chake sawasawa halewi. Aweza kufanya kazi, hana haja ya kuiba, wala ya kushiriki sindano zinazoeneza UKIMWI na ugonjwa wa ini.

Mlevi wa bangi. Huyu hana dawa maalum ya kumeza. Humfaa mazungumzo na mashauri ya mtu aliyefundishwa kazi hiyo.

Hapa kwetu mlango wa kuubisha ni Kituo cha Magonjwa ya Akili cha Kamenge, kinachoongozwa na mabruda wa shirika la Frères de la Charité. Lakini popote uendapo, uliza maswali haya kabla ya kutoa fedha:

1. Je, yuko daktari, hata usiku?
2. Je, wagonjwa hupigwa au kufungwa minyororo? Wakifanyiwa hivyo, ondoka.
3. Je, akitoka, nani atamfuata nyumbani?

Na akuahidiye kumponya kwa siku tatu, usimwamini.

Mwisho, akianguka tena, usimwambie kwamba amekwisha. Mgonjwa wa malaria akirudiwa na homa, twamrudisha kwa daktari bila kumtukana. Na huyu tumfanyie vivyo hivyo.