Kadi za Bustani Zisizodhuriwa na Mvua

Mwenye bustani ategemeaye kukumbuka tu hudanganyika. Msimu ukiisha, ajua kwamba nyanya zake zilikufa, lakini hakumbuki zilikufa katika tuta lipi, wala mbegu ilitoka wapi. Msimu wa pili huzipanda pale pale, na hasara humrudia. Dawa yake ni kuwa na kadi moja kwa kila tuta, iandikwayo siku ile ile ya kazi.

1. Kutengeneza kadi. Twaa karatasi ngumu, uikate vipande vya ukubwa wa kiganja. Andika kwa kalamu ya risasi, wala si kwa wino. Kwani wino mwingi hutawanyika ukilowa, bali maandishi ya risasi hayayeyuki majini. Kila tuta lipewe namba, na namba hiyo iandikwe katika kijiti kilichochomekwa penye tuta na katika kadi pia.

2. Mambo ya kuandika. Andika jina la mmea, mahali ilipotoka mbegu, siku ya kupanda, siku ya kutia samadi, siku za mvua kubwa, magonjwa na wadudu walioonekana, na kiasi cha mavuno kwa kipimo kimoja kisichobadilika, kama vile debe. Usiandike “mavuno mema”. Andika “madebe 3”.

3. Kuikinga kadi. Kadi ya msimu unaoendelea na iwekwe katika mkebe wenye kifuniko kinachokaza, nao utundikwe ili mchwa wasiufikie. Kadi ikijaa, ipake nta. Tia nta ya nyuki au vipande vya mshumaa katika kikopo, ukisimamishe kikopo ndani ya sufuria ya maji ya moto. Usiweke nta juu ya moto wenyewe, maana huwaka upesi. Paka pande zote mbili, wala usisahau kingo, kwa kuwa maji hupenya hapo kwanza.

4. Faida yake. Tufikiri habari za mnyauko wa bakteria. Mnyanya hulegea ghafula hali majani yangali mabichi. Ukate shina karibu na ardhi, ulitumbukize katika gilasi ya maji safi. Ukiona nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka, ndio ugonjwa wenyewe. Vijidudu hivyo hukaa udongoni muda mrefu baada ya mimea kung'olewa. Basi kadi yapaswa kusema: “Tuta la 4, mnyauko.” Kwa miaka kadha usipande hapo nyanya, viazi mviringo, biringani wala pilipili, maana yote ni ya jamaa moja, panda mahindi au vitunguu.

5. Haja ya subira. Kadi ya mwaka mmoja haitoshi, kwa sababu mvua hazilingani. Huko Rothamsted, Uingereza, shamba la ngano liitwalo Broadbalk lilianza kupimwa mwaka 1843, na hata leo mavuno yake huandikwa. Mkulima hahitaji miaka mingi hivyo. Lakini akilinganisha kadi za misimu mitano, ataona mwenyewe mbegu ipi yafaa kuwekwa na tuta lipi lataka kupumzishwa.

Anza na tuta moja msimu huu. Kadi isiyoandikwa leo haitaweza kuandikwa kwa kweli kesho.